Gunia la Kwenye

Faili lilirudi kutoka ofisi ya mashtaka asubuhi likiwa na mstari mmoja wa kalamu nyekundu. Mstari ulipigwa chini ya neno "kwenye", na pembeni mtu alikuwa ameuliza: Wapi hasa?

Mpelelezi aliyelipokea alilitazama kama mtu aliyekuta unywele katika chai yake. Kituoni walimwita Mhariri, na jina hilo hakulipata bure. Ripoti ya mwenzake yeyote ikipita mezani kwake ilitoka imepigwa pasi, maneno ya mashahidi yamekatwa mikia na kuvalishwa suti. Mkuu wa kituo alipenda kuwasomea makuruti maelezo aliyoyaandika Mhariri na kuwaambia kwamba hiyo ndiyo lugha ya kazi. Sasa kijana mmoja wa ofisi ya mashtaka, ambaye hata ndevu hazijamkolea, alikuwa anamuuliza wapi hasa.

Kesi yenyewe aliihesabu kuwa imekwisha. Jumapili mchana, kiwanda cha uchapaji kikiwa kimefungwa, mota mpya ya mashine ya kukatia karatasi iliibwa stoo. Jumatatu mtunza stoo alikuta kufuli la mlango limetupwa chini, limekatwa kwa msumeno wa chuma. Aliyekuwa na kazi kiwandani siku hiyo ni mmoja tu, fundi wa mashine, bwana wa makamo mwenye mguu mmoja mbovu. Begini mwake mlikuwa na msumeno wa chuma, na wiki nzima alikuwa amelalamika kwamba mota inakaa stoo bure huku mashine yake imekufa. Ni kweli kwamba mota haikupatikana nyumbani kwake wala kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, lakini Mhariri alikwisha kulizibia pengo hilo kwa maneno mawili, "inaaminika imehamishwa". Fundi alikuwa mahabusu. Kesho asubuhi angepandishwa kizimbani.

Kilichomfunga hasa ni shahidi. Mama huyo aliishi ghorofani, katika nyumba inayopakana na ua wa kiwanda, na hakimu yeyote angemwamini, kwa kuwa nusu ya mji ilipita darasani kwake. Mhariri mwenyewe alipita. Yeye ndiye aliyemfundisha insha shule ya msingi, akamwambia mbele ya wenzake wote kwamba ana mkono wa kuandika, na Mhariri aliishi kwa sifa hiyo tangu siku ile. Katika maelezo, Mwalimu alinukuliwa hivi:

"Nilimwona fundi wa mashine kwenye eneo la kiwanda, kwenye upande wa stoo, ambapo mlango ulifunguliwa na mzigo mzito ukaburutwa kwenye njia."

Chini yake palikuwa na sahihi ya Mwalimu. Fundi aliposomewa sentensi hiyo alisema jambo moja na kulirudia hadi akachosha watu: rudini kwa Mwalimu, mkamuulize vizuri. Mhariri aliyachukua maneno hayo kuwa ufedhuli. Alipoyasafisha maelezo ya Fundi, aliyafuta pamoja na mengine ya kujaza karatasi.

"Tukaongeze neno moja tu," alimwambia Koplo, askari wa kike aliyekuwa akifanya naye kazi. "Tutaandika mlangoni, au ndani. Hatutakawia."

Mlango wa Mwalimu ulikuwa wazi. Yeye alikaa kitini karibu na dirisha, mgongo umenyooka kama zamani, na kabla Mhariri hajafungua kinywa alimwambia kwamba bado anaburuta kisigino na viatu vyake lazima vinaisha upande mmoja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Na huyo binti aliyebaki huko nje mwambie apite. Anakanyaga kama anaogopa kuamsha mtoto."

Koplo, aliyekuwa bado ukumbini nyuma ya mlango na hajasema neno, aliingia akiwa amepigwa na butwaa.

Chai haikuepukika. Mwalimu alikataa kusaidiwa. Alikishika kikombe kwa mkono mmoja, akainamisha birika kwa mwingine, na kidole chake cha shahada kilikuwa kimekunjwa juu ya ukingo wa kikombe, ncha yake ndani. Chai ilipofika kwenye ncha ya kidole akaacha kumimina. Mhariri aliliona hilo na akalipuuza, au alijaribu. Juu ya meza, upande wa kushoto wa redio, palikuwa na magazeti ya siku nyingi yamepangwa, kila moja bado limekunjwa kama muuzaji alivyolileta. Chini ya meza palikuwa na mengine ya zamani zaidi, na hayo yalikuwa yamefunguliwa na kusomwa hadi yakalegea. Kwa hiyo mtu aliyesoma gazeti kila siku alikuwa ameacha ghafla, lakini kununua hakuacha.

Mwalimu aliuliza habari za nyumbani, akauliza watoto, kisha akauliza kama Fundi anaumwa. Alisema hamsikii akipita siku hizi na ameanza kuwa na wasiwasi, maana mguu ule ukishikwa na baridi humlaza.

Mhariri alimeza chai ya moto kwa mkupuo. Alijibu kwamba kesi inaendelea vizuri. Koplo alimtazama, kisha akatazama kikombe chake mwenyewe.

Ubaya wa upelelezi ni kwamba kichwa hakipumziki hata mwenyewe akikisihi. Kidole, hatua za miguu, magazeti. Vilijipanga vyenyewe, na picha vilivyoifanya hakuipenda hata kidogo. Mtu muungwana angemuuliza mama huyu swali la wazi, kwa sauti ya chini, na angepata jibu. Mhariri hakufanya hivyo. Alifanya kama alivyozoea kuwafanyia matapeli. Alifungua faili, akatoa ombi la petroli ya gari la kituo, akaliweka mkononi mwa Mwalimu na kumwambia hayo ni maelezo yake ya siku ile. Je, kuna neno angependa kuongeza?

Mwalimu aliipokea karatasi. Aliigeuzia kwenye mwanga wa dirisha, akakisogeza kichwa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, akarudi, akashuka, akaenda tena. Midomo ilicheza kidogo. Alikwenda hivyo hadi chini ya ukurasa bila haraka.

"Mwandiko wako haujaharibika," alisema. "Sina cha kuongeza."

Karatasi ile ilikuwa imepigwa chapa.

Koplo aligeukia ukutani. Mhariri alihisi uso wake unawaka hadi masikioni. Katika maisha yake alikuwa ametega wengi, na kila mara mtego ulipofyatuka alifurahi. Huu ulipofyatuka alitamani sakafu ya ghorofa ile ipasuke, imshushe hadi chini, imfunike. Hakujua aseme nini, na kimya chake kikasema.

"Umenipa karatasi gani?" aliuliza Mwalimu.

"Ombi la petroli."

Mwalimu aliikunja karatasi mara mbili, taratibu, kingo juu ya kingo. "Umenitega."

"Nimekutega, Mwalimu. Nisamehe."

"Ile niliyotia sahihi ilikuwa ya kweli?"

"Ilikuwa ya kweli."

"Nayo sikuiona," alisema.

Basi akaeleza. Nuru ya macho ilikuwa imemtoka kidogo kidogo, miaka si haba, na sasa dirisha lilikuwa weupe tu mbele yake. Watoto wake hakuwaambia, kwa kuwa wangemhamisha nyumba yake siku ileile. Wazazi waliomletea wanafunzi wa insha jioni hakuwaambia pia. Aliwafanya watoto wasome insha zao kwa sauti, na wazazi wakamsifu kwamba hiyo ni mbinu mpya. Yeye akakaa kimya, akala sifa. Mwalimu wa insha asiyeweza kuiona insha, alisema, ni kichekesho, na yeye hakutaka kuchekwa uzeeni.

"Niliona aibu, ndiyo hivyo tu. Na wewe je? Kanuni yenu inasema shahidi asomewe kabla hajatia sahihi. Kwa nini hukunisomea?"

Mhariri alikuwa na majibu mengi ya kiofisi. Hakutoa hata moja.

"Niliona aibu na mimi. Kukusomea wewe, kama mtu asiyejua kusoma. Nikakupa usome mwenyewe, kwa heshima."

Mwalimu alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Kwa hiyo tuliheshimiana hadi karatasi ikapita bila kusomwa na mtu. Soma sasa. Kwa sauti, na usiruke."

Alisoma. Alikuwa mtu mzima mwenye bastola kiunoni, na sauti ilimtoka kama ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Neno la kwanza lenyewe lilimkwamisha.

"Nilimwona? Hilo sikulisema."

"Maelezo yetu yote huanza hivyo, Mwalimu. Ni desturi tu."

"Mimi nilijichunga sana siku ile nisiseme nimeona. Nilisema Fundi alipita. Endelea."

Aliendelea. Alipofika "kwenye eneo la kiwanda" Mwalimu akanyanyua mkono, na Mhariri akajua kinachokuja, maana alikuwa amekisikia utotoni mara nyingi hadi akakiota. Darasani kwake neno hilo liliitwa gunia. Mtoto akiandika kwamba paka alikuwa kwenye meza, Mwalimu alimwamuru aende mezani, akapige magoti chini yake, kisha apande juu yake, kisha asimame kando yake, halafu arudi kuandika paka alikuwa wapi kati ya hizo. Mhariri alikuwa ameshinda vipindi vizima nyuma ya mlango, kati ya viti viwili, mbele ya ubao, akitafuta kijineno kimoja. Alikuwa akiyajua haya yote na aliyasahau kwa hiari yake, kwa sababu kituoni "kwenye" ilikuwa haraka na ilisikika kikubwa.

"Sikuwa na ugomvi na neno lenyewe," alisema Mwalimu. "Lina kazi zake. Ugomvi wangu ni na mwandishi anayetupia humo kila mahali asipotaka kwenda kuangalia. Siku ile ulikwenda dirishani?"

"Sikwenda."

"Ulikuwa umechoka?"

"Nilitaka kumaliza mapema."

Hakumgombeza, na hilo lilimuuma kuliko kugombezwa. Mhariri alitoa karatasi safi, akamwomba aanze upya, polepole. Safari hii alilifuata kila neno kama lilivyotoka.

Mwalimu alisema kwamba Fundi alitoka ndani ya ukumbi wa mashine, akaufunga mlango wake, akapita chini ya dirisha lake. Alisimama hapo kumuaga. Kisha alikwenda zake kando ya ua hadi barabara ya lami, na mguu wake mbovu haudanganyi, kwa kuwa unakanyaga mara moja na kukwaruza mara moja. Sauti yake ilipotea kabisa. Ndipo, nyuma ya ukumbi wa mashine, mlango wa stoo ulipofunguliwa. Ulifunguliwa kwa ndani, kwa komeo, si kwa mnyororo wa nje unaotiwa kufuli. Kitu kizito kikaburutwa kutoka hapo kandokando ya ukuta, kuelekea geti la nyuma. Aliyekiburuta alikuwa na miguu miwili mizima.

Kisha akamgeukia Mhariri.

"Subiri kidogo. Hiyo karatasi yako ya kwanza inamfanya Fundi ndiye aliyefungua mlango?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Yuko wapi Fundi?"

Koplo aliinamisha kichwa. Mhariri alisema kwamba yuko mahabusu na kesho anapelekwa mahakamani. Mwalimu alifunika mdomo kwa kiganja, na machozi yakamtoka katika macho yale yasiyoona.

"Kwa sahihi yangu," alisema.

"Kwa maandishi yangu," alisema Mhariri. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia yeyote kati yao.

Machozi hayafungui mahabusu, na maneno ya mama asiyeona yangeraruliwa na wakili yeyote yasipothibitishwa. Mhariri alimtuma Koplo ateremke hadi stoo. Walikubaliana kwamba aufungue mlango mara kadhaa kama apendavyo, mara akiwa nje kwa mnyororo, mara akiwa ndani kwa komeo, bila kuwaambia lipi linakuja. Yeye alikwenda kusimama dirishani, kando ya kiti cha Mwalimu, mahali ambapo hakuwa amekanyaga siku ile.

Jambo la kwanza aliloligundua pale lilimkata maini. Mlango wa stoo haukuonekana. Pembe ya ukumbi wa mashine iliuficha wote, na hata mwenye macho ya mwewe asingeona kitu zaidi ya bati na ukuta. Hatua chache tu kutoka kitini hadi dirishani zingemwambia kwamba hakuna binadamu aliyemwona Fundi upande wa stoo kutoka chumba hiki.

Chini, chuma kililia.

"Mnyororo," alisema Mwalimu. "Yuko nje."

Kikalia tena.

"Komeo. Huyo yuko ndani."

Hakukosea hata mara moja. Koplo, kwa utundu, alifungua komeo na kutikisa mnyororo kwa pamoja, na Mwalimu akasema kwamba yule binti sasa anacheza.

Mhariri aliteremka, akachukua garini mfuko wa vielelezo wenye lile kufuli. Mtunza stoo aliwapokea kwa uchangamfu wa mtu aliyekwisha kutoa ushahidi na kusifiwa. Alikuwa ameeleza tangu mwanzo kwamba Jumamosi alifunga stoo kwa mkono wake, akaenda kushinda kwa shemeji yake Jumapili nzima, na Jumatatu akakuta kufuli limekatwa. Aliuliza kama Fundi ameshakiri.

Mhariri alikuwa akisoma ripoti yake mwenyewe ya kukagua stoo Jumatatu ile, na kila mstari ulimfanya atake kuificha chini ya koti. Michubuko ilionekana kwenye kufuli. Unga wa chuma ulipatikana kwenye stoo. Alijaribu kukumbuka ni wapi katika stoo, akashindwa. Ndicho alichokuwa akiulizwa na kijana wa kalamu nyekundu, na kijana alikuwa na haki.

"Unga wa chuma tuliukuta wapi?" alimuuliza Koplo, akiwa amemeza kiburi chote.

"Chini ya ile meza, afande. Siyo mlangoni. Mlangoni palikuwa pasafi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nimeandika hivyo. Ukanihariri."

Meza yenyewe ilikuwa mwisho wa chumba. Ukingoni mwake palikuwa na jiliwa la kubania vyuma, limefungwa kwa skrubu nene. Mhariri alipiga magoti chini ya meza, kama alivyofundishwa. Katika ufa wa saruji, chini kabisa ya jiliwa, unga wa chuma ulikuwa bado unang'aa mahali ambapo ufagio haukufika. Alitoa kufuli lililokatwa. Michubuko ilikuwa miwili, mmoja ubavu huu na mwingine ubavu wa pili, ikitazamana. Aliliingiza kufuli kati ya taya za jiliwa, akakaza. Meno ya jiliwa yaliingia ndani ya michubuko yakatulia.

Mtunza stoo aliacha kutabasamu.

"Jumapili kufuli lilikuwa wapi?" aliuliza Mhariri.

"Mlangoni, afande. Kwa nje. Si nilifunga mwenyewe?"

"Mwizi alilikata likiwa wapi?"

"Hapohapo mlangoni."

"Jiliwa hili linafika mlangoni?"

Mtunza stoo alilitazama jiliwa, akatazama zile skrubu. "Labda Fundi aliingia nalo ndani, akalikata huku."

"Aliingiaje, na kufuli lilikuwa bado limeufunga mlango?"

Mhariri alisubiri. Nje, mnyororo ulikuwa ukiyumba taratibu juu ya mlango, na mtunza stoo aliusikiliza kana kwamba utamsaidia. Mwishowe alikaa juu ya bunda la karatasi. Alisema kwamba alijifungia ndani tangu asubuhi, akalikata kufuli ili ionekane stoo imevunjwa, kisha akamsubiri Fundi aondoke. Mota ilikuwa kwa shemeji yake, chini ya kitanda. Koplo alikwenda na askari wawili, wakaikuta hapo, chini ya kitanda, imefunikwa shuka.

Siku nyingine Mhariri angerudi kituoni akipiga mluzi. Leo alipanda tena ngazi za Mwalimu, akaandika maelezo mapya kwa mkono, akafika mahali pagumu. Maelezo ya mwanzo hayawezi kubadilishwa bila sababu kuandikwa, na sababu hiyo husomwa mahakamani mbele ya watu. Alimwambia Mwalimu kwamba inatosha kuandika "dosari za uandishi". Hakuna atakayejua mengine.

Mwalimu alikaa akifikiri. Haikuwa rahisi kwake, ilionekana. Alikuwa akipoteza nyumba yake pengine, na wanafunzi wake, na jina alilolilinda.

"Andika kwamba sioni," alisema. "Kisha andika kwamba hukunisomea. Ukiandika langu bila lako nitajua, maana leo utanisomea."

Aliandika yote mawili. Akamsomea, tangu juu hadi chini, na Mwalimu alisikiliza ameinamisha kichwa, akamsahihisha mahali pamoja tu. Ulipofika wakati wa sahihi Mhariri alikishika kidole cha Mwalimu, akakiongoza.

"Hapa, Mwalimu. Juu ya mstari, kulia kwa jina lako."

Mkuu wa kituo aliisoma karatasi hiyo akiwa amesimama. Aliisoma tena akiwa amekaa. Kisha akasema kwamba kesho makuruti watasomewa maandishi ya mtu mwingine, akamrudishia Mhariri kalamu yake bila kumtazama. Mbele ya Koplo na askari wa zamu, Mhariri alisema ndiyo afande, na akaona anastahili.

Kazi iliyobaki hakutaka kumtuma mtu. Alichukua funguo, akaenda mwenyewe hadi mlango wa mahabusu na kumwambia Fundi kwamba yuko huru, mota imepatikana, aliyeiba amekiri. Fundi aliketi akajifunga kamba za viatu, kwanza cha mguu mzima, kisha cha mguu mbovu, kile kinachohitaji muda.

"Mlirudi kwa Mwalimu?" aliuliza.

"Tulirudi. Haoni."

Fundi aliendelea kufunga kamba.

"Ulikuwa unajua," alisema Mhariri.

"Mimi ndiye ninayemsomea gazeti, afande. Kila jioni nikitoka kazini."

Mhariri aliegemea ukuta. Sasa aliyaelewa magazeti yale, yaliyofunguliwa na yaliyokunjwa, na siku hasa yalipoanza kukunjwa.

"Neno moja tu lingekutoa humu. Shahidi haoni, basi. Kwa nini hukulisema?"

"Aliniomba nisimwambie mtu. Nikadhani mkimrudia atalisema mwenyewe, kwa kinywa chake." Fundi alimaliza kufunga kamba. "Niliwaambia mrudi. Niliwaambia mara nyingi. Haikuandikwa?"

"Iliandikwa," alisema Mhariri. "Niliifuta."

Alingojea atukanwe, na angeshukuru. Fundi aliinuka tu, akashika fremu ya mlango, akaujaribu mguu wake uliolala sakafuni siku zote hizo. Alisema kwamba kesho asubuhi pengine angelisema lile neno mbele ya hakimu, hajui, ana mke na watoto. Amefurahi kwamba hakufika huko. Sasa angepitia kwa Mwalimu kabla ya kwenda nyumbani, maana magazeti lazima yamelundikana.

"Yako juu ya meza," alisema Mhariri, "upande wa kushoto wa redio." Ilikuwa sentensi yake ya kwanza sahihi katika kesi hii nzima, na hakuweza kuisema akimtazama Fundi usoni.